Isimila au Kalenga? Kwa mwalimu mwenye kosta moja na siku moja

Kila shule inapoanza kukusanya hela ya safari ya mafunzo walimu wenzangu wa hapa Iringa wananiuliza swali lilelile, tuwapeleke wapi watoto, Isimila au Kalenga, maana hela inatosha safari moja tu, kosta ni moja na saa kumi na moja jioni kila mtoto awe kwao. Zamani nilikuwa najibu haraka haraka, nendeni Isimila kunapendeza zaidi. Sasa nimeshawapeleka watoto kote kuwili zaidi ya mara moja, nimekosea huku na kule, na jibu langu limebadilika, kwa hiyo naliandika lote hapa ili anayechagua achague akijua anachagua nini. Hata kama uko mkoa mwingine nadhani utapata kitu, maana kila mkoa una Isimila yake na Kalenga yake.

Kwanza njia, maana hapa ndo mipango mingi inapofia. Isimila iko barabara ya Mbeya, kama kilomita 20 kutoka mjini. Kalenga iko barabara ya kwenda Ruaha, kama kilomita 15. Ni njia mbili tofauti kabisa, kwenda kote ni lazima urudi mjini katikati ya siku, na ukishawarudisha watoto mjini saa saba na njaa yao, kuwapandisha tena kwenye gari waende kusikiliza historia ni kazi bure. Kwenye karatasi inawezekana. Mimi nimejaribu na ule upande wa pili hawakukumbuka kitu zaidi ya soda. Chagua mahali pamoja tu, upape siku nzima.

Isimila ni korongo. Unashuka mahali ambapo maji ya mvua yamekula udongo kwa miaka na miaka, na chini kule zana za mawe zimelala palepale wazi, zingine zimejengewa kibanda juu ili zisiharibike. Wataalamu walianza kupafahamu mwaka 1951, alafu 1957 na 1958 timu ya mwanaakiolojia Clark Howell ikachimba kwa utaratibu. Vipimo vya baadaye vikatoa umri wa kama miaka 260,000 hivi, ila vitabu vya zamani vinataja umri mdogo zaidi, kwa hiyo mtoto akikuletea kitabu chenye namba nyingine usimwambie amekosea, mwambie namba za vitu vya kale zinabadilika vipimo vikiboreshwa, na hilo peke yake ni somo. Enzi hizo pale palikuwa na ziwa la kina kifupi, na mifupa ya wanyama imepatikana, akiwemo kiboko wa aina iliyokwishatoweka ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko tunayemjua. Watoto wanampenda sana huyo kiboko, jiandae kwa maswali.

Lakini kitu chenyewe pale ni shoka la mkono. Mwongozaji akiruhusu mtoto alishike, usiharakishe hapo, acha foleni ndefu iwe ndefu. Umbo lake ni kama tone la maji, huku nene huku limechongoka, na ukipitisha kidole pembeni unakuta vibonde vidogo vidogo vimepangana pande zote mbili, kila kibonde ni mahali pigo moja lilipobandua kipande. Siku moja niliwaambia watoto waokote kwa macho tu, bila kugusa, jiwe moja lililopasuka lenyewe kwa jua na maji, walilinganishe na shoka. Jiwe la kawaida limepasuka hovyo, upande mmoja, basi. Shoka limegongwa huku, likageuzwa, likagongwa kule, na mapigo yote yanakutana kwenye ukingo uleule. Binti mmoja wa darasa la sita alikaa kimya muda kidogo alafu akasema, mwalimu, huyu mtu alikuwa anajua atakachopata kabla hajaanza kugonga. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya dakika kumi kuhusu akili ya binadamu wa kale na sikuyasema tena.

Hicho ndo Isimila inachofundisha, kusoma kitu ambacho hakina wa kukisemea. Hakuna mzee kijijini atakayesema babu yangu aliniambia watu hawa waliishi hivi. Hata mifupa yao wenyewe haijapatikana pale, zimebaki kazi za mikono yao tu. Kwa hiyo mtoto analazimika kuuliza, umejuaje, na jibu lazima litoke kwenye jiwe, kwenye udongo, kwenye mahali lilipolala.

Na mahali lilipolala ndo jambo ambalo nililielewa vizuri kwa uchungu. Tulikuwa tumeshapanda juu tunanywa maji nikamwona kijana wa darasa la tano anachechemea, nikadhani ameumia, kumbe kaficha kipande cha jiwe kwenye soksi. Hakuwa mwizi, alitaka kumwonyesha mama yake. Tukarudi naye chini pamoja na mwongozaji ili alirudishe, na mtoto akasimama pale korongoni anaangalia huku na huku, hajui alilitoa wapi. Jiwe lilikuwa mkononi mwake zima kabisa lakini nusu ya habari yake ilikuwa imepotea. Darasa zima liliona. Toka siku hiyo nalisema hili kabla hatujapanda gari, mifuko yote mitupu kwenda na mitupu kurudi, na naeleza sababu yake, sio kwa kutisha watoto kwa sheria peke yake, ingawa sheria ya mambo ya kale ipo toka 1964 na inakataza kuchimba bila kibali.

Udhaifu wa Isimila ni kwamba bila maandalizi inageuka matembezi. Ziko zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, nzuri kweli kweli, na watoto wengi wanadhani zilijengwa na watu. Darasa ambalo halikuandaliwa linapita kwenye zana kama linapita dukani kisha linakaa saa nzima kwenye nguzo kupiga picha. Kosa jingine nililifanya mwenyewe, niliwapa karatasi ya maswali ya kurasa mbili, na watoto wakakaa chini kunakili mabango, mashoka yako hatua tatu mbele yao na hakuna anayeyaangalia. Sasa nawapa swali moja tu, kitu gani ulichokiona kinaonyesha kwamba mtu alikaa hapa? Na penseli ya kuchorea.

Kalenga ni kitu kingine kabisa, na niseme mapema kwamba kuzuri kwa macho sio kama Isimila. Ni kijiji, na makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo. Ila humo ndimo lilimo fuvu la Mtwa Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na pale ndipo ilikuwa ngome yake ya mawe ambayo Wajerumani waliivunja Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya yeye kuwapiga pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kamanda wao Zelewski kuuawa. Ngome ilipoanguka hakujisalimisha, alipigana porini miaka minne mpaka 19 Julai 1898 alipozingirwa akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa kikakatwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ukaandika, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu hilo kupitia serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Lilirudi Juni 1954, Twining, gavana wa Waingereza hapa Tanganyika, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye watu wengi walimjua kama Spika wa Bunge.

Tofauti na Isimila, hapa kila mtu ana la kusema. Nusu ya darasa lina babu au bibi mwenye stori yake, na stori hazifanani, huyu anasema Mkwawa alifia hivi, yule anasema hivi, mwingine atakwambia hakufa pale. Walimu wengi wanaliona hili kama tatizo, wanataka mwongozaji awape watoto stori moja ya kuandikia mtihani. Mi naona huo ndo utajiri wa Kalenga. Isimila kitu kipo na maneno hayapo, Kalenga maneno ni mengi na kazi ya mtoto ni kuyapima, nani kasema, alikuwepo? Au aliambiwa, na nani?

Na fuvu lenyewe lina swali hilohilo ndani yake. Twining alienda kwenye makumbusho ya Bremen ambako kulikuwa na mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akapima, akachambua yale yaliyokaribiana na vipimo vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachukua lililokuwa na tundu la risasi. Wako wanahistoria wanaohoji kama njia hiyo inatosha kusema ni lenyewe. Jambo hili na watoto wadogo siligusi. Na kidato cha tatu naligusa, kwa upole, maana darasani wamekaa watoto wa ukoo huo na kwao hilo sio kielelezo cha somo, ni babu yao. Swali ninalowapa ni la pili yake, hata kama una shaka na vipimo vya Twining, yale mafuvu mengine 83 yalikuwa ya nani, na nani aliyaulizia? Mara ya kwanza nilipouliza hivyo gari zima lilikuwa kimya mpaka tunaingia Iringa mjini.

Kwa hiyo kuchagua. Kama una watoto wa darasa la tatu mpaka la tano, nenda Isimila bila kujiuliza mara mbili. Wanahitaji kitu cha kushika na nafasi ya kutembea, na fuvu la mtu linawatisha wengine, nimeshawahi kuwa na mtoto wa miaka tisa ambaye hakulala usiku na mama yake akaja shule, na alikuwa na haki. Kwa darasa la sita na la saba ningeangalia mmeshafika wapi kwenye Historia ya Tanzania na Maadili, ila kama wamekwisha kusikia habari za uvamizi wa wakoloni basi Kalenga inawafaa, kwa sharti kwamba wazazi wameandikiwa waziwazi kwenye barua kwamba watoto wataona fuvu. Kidato cha kwanza wanasoma zama za mawe na Isimila imo kwenye vitabu vyao, huko hakuna mjadala. Kidato cha tatu na nne, Kalenga.

Kama una mtoto anayetumia magongo au kiti cha magurudumu, korongo la Isimila lina miteremko na mchanga, sehemu kubwa ataona wenzake wanashuka yeye anabaki juu, na hilo sio jambo la kulipuuza kwa kusema tutambeba. Kalenga ni rahisi zaidi, ila chumba ni kidogo, ligawe darasa makundi na wanaosubiri nje wawe na kazi ya kufanya, la sivyo watakaoingia mwisho watakuwa wameshachoka. Masika usiende Isimila, udongo ule unateleza na korongo ni njia ya maji. Kiangazi jua la pale halina huruma, kofia na maji ya kutosha. Kuhusu hela, viingilio huwa vinabadilika, pigia simu ulizia cha wanafunzi kabla hujawatangazia wazazi mchango, usije ukarudi kwao mara ya pili kuomba nyongeza.

Adabu pia ziko tofauti. Kalenga unaingia kama unaingia msibani, kofia zinavuliwa, picha mpaka uombe. Msalimie kwanza mwenyeji, watoto wajue kusema kamwene hata wasio Wahehe, utaona uso wa mzee unavyofunguka.

Kuna njia ya tatu ambayo shule za mjini zinaisahau, Boma. Jengo lile la Wajerumani la mwaka 1900 hivi lilifunguliwa kama makumbusho ya mkoa 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, liko katikati ya mji na mnaenda kwa miguu. Kwa chekechea, kwa siku ya mvua, kwa shule isiyo na hela ya gari, ni zuri na maelezo yamepangwa vizuri. Ila vitu viko ndani ya nyumba, na mtoto anayeanza na kitu cha kwenye kabati anadhani urithi ni kitu cha kwenye kabati. Ningelitumia kumalizia, sio kuanzia.

Na kwa sekondari wenye siku nzima na gari zima kuna Mlambalasi, njia hiyohiyo ya Ruaha ukipita Kalenga, kama kilomita 50 toka mjini. Pale ndipo lilipo kaburi la kiwiliwili cha Mkwawa. Juu yake kuna pango la mwamba, na timu ya Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta pamoja na wataalamu wa kwetu kama Pastory Bushozi walichimba humo wakakuta mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na mabaki ya kazi ya chuma. Fikiria hilo, mahali pamoja. Ile tofauti ya Isimila na Kalenga niliyoisema hapa inakutana kwenye mwamba mmoja. Timu hiyo pia ilikuwa na tabia ya kurudisha majibu kwa wenyeji kwa mabango ya Kiswahili, na mimi nadhani kila anayechimba kwenye ardhi ya kijiji anadaiwa hivyo. Ila ni safari ndefu na kuna kupanda, watoto wadogo waache.

Sasa wewe ambaye huna hela ya kosta kabisa, usidhani umeachwa nje. Kabla ya safari yoyote, na hata bila safari, anza na nyuma ya shule. Vijiji vingi vya huku vina mavi ya chuma yametapakaa shambani ambapo zamani watu waliyeyusha chuma, vina miamba yenye mashimo ya kusagia, vina mti au jiwe lenye jina na sababu ya jina. Watume watoto nyumbani na swali moja, hapa petu pana jina gani la zamani na nani alikwambia. Wakiokota kitu wasichimbe, wapige picha kwa simu ya mwalimu, waandike mahali kilipo, apewe taarifa mtendaji wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya. Zile stori za mali za Mjerumani zilizofukiwa zizungumze mapema na kwa uwazi, maana kuna watu wanafukua mapango na makaburi kutafuta dhahabu na watoto wanawaona, na mtoto aliyerudi kutoka Isimila na hamasa bila maelekezo anaweza kuchukua jembe.

Mwaka jana tulifanya hivyo kabla ya kwenda Kalenga. Tulimwita babu wa mwanafunzi wetu mmoja, mzee ambaye 1954 alikuwa mtoto mdogo na alipelekwa Kalenga na baba yake siku fuvu linarudishwa. Watoto walikuwa wamejipanga na madaftari, shikamoo babu, tusimulie. Mzee akasema alikuwa amebebwa begani, kulikuwa na watu wengi mno, baba yake alikuwa mfupi, na alichokiona siku ile ni migongo ya watu. Watoto wakamtazama kama amewanyima kitu. Mmoja akauliza, lakini babu, fuvu? Akasema fuvu hakuliona, alisikia watu wa mbele wamenyamaza, alafu na wa nyuma wakanyamaza.

Siku ya wazazi tulibandika kazi zao ukutani, michoro ya ngome, ramani ya njia, picha za vitu walivyoviona shambani. Chini ya mchoro wa mzee mtoto alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri, babu aliona fuvu la Mkwawa likirudishwa. Mzee akaja na mkongojo wake, akasoma taratibu, akaomba kalamu. Futa hapo, akamwambia mjukuu wake, andika aliona migongo.